Namba ya Kuagia

Shuleni Mvumi sifuri iliandikwa kwa wino mwekundu,
ukaibeba nyumbani umeikunja mara nne.
Hapa kazini sifuri ndiyo salama.
Amri ikimaliza kazi huacha namba mlangoni
kisha huenda zake:
sifuri, sijambo;
moja, nina jambo;
mbili, umenituma vibaya;
mia moja ishirini na saba,
uliyemwita hayupo, wala sijui kama aliwahi kuwapo.

Majuma matatu ya Machi
mizani ya Hombolo ilipima makreti ya zabibu,
na kila usiku saa nane
amri yetu ilinakili uzito hadi ofisi ya ushirika, Makole.
Kila asubuhi nilikuta neno la kijani:
IMEKAMILIKA!
Na alama yake ya mshangao.
Namba: sifuri.
Nikanywa chai.

Siku ya malipo akaja Matika Chidawali,
vumbi hadi kwenye nyusi,
stakabadhi ishirini na sita zimefungwa kwa uzi wa gunia.
Akazipanga mezani, moja moja, bila haraka.
Makreti mia moja na kumi na manne.
Kompyuta ikasema hajawahi kuleta hata tunda.

Diski ilijaa tarehe tatu.
Wa kwanza kwenye mrija alikufa usiku uleule.
Wa mwisho, asiyepokea kitu,
alifungasha hewa, akaipiga muhuri,
akaaga: sifuri.
Na mrija humsikiliza wa mwisho tu.

Nikafungua faili. Mstari wa arobaini na moja,
mwandiko wa Ndahani, naujua:
makosa yote yatupwe shimo lisilo na chini,
na ikishindikana, *au kweli*.
Ndivyo alivyoandika.
Neno kweli, mwishoni mwa mstari,
ndilo lililokuwa uongo wenyewe.

Simlaumu sana. Amri ile zamani ilikuwa na domo:
naanza, nafungua, nimefungua, nahesabu,
asilimia tatu, asilimia nne,
onyo, saa ya mizani imechelewa sekunde moja,
ujumbe sitini kwa usiku
katika simu ya mtu mwenye mtoto mchanga.
Aliyeziba masikio alikuwa na usingizi, si hila.
Husemwa kimya kingi kina mshindo mkuu.
Chetu kilikuwa na diski iliyojaa.

Nikaiandika upya, stakabadhi za Matika kando ya kibodi.
Ukifaulu, nyamaza;
hakuna aliyekuomba vigelegele.
Ukishindwa, sema, mara moja, kwa mlango wa pili,
usimwage kilio ndani ya kreti la zabibu.
Taja jina lako, taja faili, taja kilichokosekana:
*nakili-mizani: hifadhi imejaa, rekodi 312 hazikuandikwa.*
Kisha ondoka na namba isiyo sifuri
hata kama unamwonea haya anayekusubiri.
Na aliyekufa katikati ya mrija
naye ahesabiwe.

Nikajaza diski kwa makusudi, nijaribu.
Sentensi moja. Kisha: moja.
Nikapiga meza kwa furaha, peke yangu,
mlinzi akachungulia dirishani kuona nimepatwa na nini.

Saa moja jioni mama akapiga simu kutoka Mpwayungu.
Mbukwenyi, mama. Hamjambo?
Hatujambo.
Mvua?
Ipo.
Mtama?
Umesimama vizuri.
Na baba?
Salama tu.
Nyuma ya sauti yake mtu aliuliza
kama pikipiki imepatikana,
mwingine akasema mshikeni kichwa, mshikeni kichwa.
Haya mwanangu, akasema mama, usiku mwema.

Nina zana za kukagua kila mrija nchini humu.
Kwa huu nilikuwa na simu tu, na chaji asilimia tisa.

Mama, nikasema, usiage kwanza.